Kwa Nini Bado Naenda Kiwira

Mjukuu wangu Atupele,

Ndaga kwa sukari uliyotuma. Huku Lufingo mvua haituachi, ila wazima tupo, na shangazi yako Subi anakusalimu. Umeniuliza kwa nini siku za gulio situlii nyumbani, nakwenda Kiwira wakati siuzi tena ndizi.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, malori yalijaa pale, na watoto wasio na kwao walilala chini ya meza zetu. Siku moja akashuka mwanamume akitafuta wasichana wa kazi za ndani. Waliochukuliwa kabla hatukuwaona tena. Nikamnyakua msichana mmoja chini ya meza yangu, nikamfunga mgongoni kwa kanga, mkubwa vile, miguu inaning'inia.

"Huyo wa nani?" akauliza.

"Tangu lini mtoto wa mgongoni akaulizwa ni wa nani?" nikamfokea. Wenzangu wakamzomea, akaondoka.

Huyo ndiye shangazi yako. Lakini chini ya meza yangu walilala wawili, Atu, na mgongo ni mmoja. Lori liliondoka na mwenzake.

Basi kila gari likisimama Kiwira, nanyanyuka kutazama nani anashuka. Kanga ninayo kikapuni.

Bibi yako