Mama Niliyemtaja Kliniki

Mama,

Asalaam aleikum. Nakuuliza hali, ingawa hali yako naijua kuliko unavyotaka niijue. Kidonda cha shingo kimekauka? Chakula kinashuka, au bado ni uji tu? Mimi nasimama na natembea, magoti ndiyo yanayonisumbua, na mengine utayasikia humu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu kila nikifika penyewe unakata, halafu unasingizia mtandao wa Kismayu. Najua anayekusomea ni Mwanaisha. Mdogo wangu, soma mpaka mwisho, usiruke mahali, hata Mama akikuamrisha.

Bado niko chumba cha kufulia cha ile hoteli. Kutwa nainua mashuka yaliyolowa. Nina kilo mia na kumi na nane, Mama. Ulipoiona picha yangu ya Idi ulicheka, ukamwambia Mwanaisha kwamba Ulaya wamenifuga. Nilikusikia, simu ilikuwa bado wazi. Nilikwenda kliniki kwa ajili ya magoti, wakanitajia sindano ya kupunguza uzito, ile ya kujichoma mwenyewe tumboni mara moja kwa wiki.

Muuguzi anayeiandika ni mwanamke wa makamo, mpole lakini mkaidi. Hakunipa siku ile. Alinipima uzito na presha, akatoa damu. Akauliza kama nina mimba au naitaka, kama nimewahi kuugua kongosho au mawe ya nyongo, dawa gani nyingine natumia, kama nina tabia ya kujitapisha. Alisema ataanza na kipimo kidogo na kukipandisha polepole, na tumbo likinishika sana niache nimpigie. Niliona ananisumbua, kama wale wa uhamiaji. Kisha akauliza kama mama yangu, au ndugu yeyote wa damu, amewahi kupata saratani ya tezi ya shingoni, maana mwenye ndugu wa hivyo hapewi sindano hiyo. Nikajibu upesi kwamba mama yangu ni mzima, hajaugua shingo maisha yake.

Sikukusudia kudanganya. Jibu hilo ulinifundisha wewe.

Mwanaisha alikuwa mdogo, hakumbuki. Tulipokuwa kambini Kenya, baada ya kukikimbia kisiwa chetu cha Chovai, Shangazi Zeinabu, dada wa marehemu baba, alikuwa na faili la kuja huku na binti yake Rukia. Rukia akafa kwa homa, jina lake likabaki kwenye faili. Mkakubaliana mmoja wetu aende kwa jina hilo. Ulinichagua mimi kwa sababu nilikuwa mnene, nikionekana wa umri wa Rukia. Ukanikalisha kwenye jamvi siku nyingi ukinihoji: jina lako nani, mama yako nani. Kila nilipokutaja wewe ulinipiga kofi la mdomo. Mdomo ulipasuka, ukaufuta kwa leso yako, ukauliza tena. Mpaka nikawa nasema Zeinabu bila kufikiri, na mpaka leo nasema hivyo.

Basi dawa nikapewa, na ilinikubali. Wiki ya tano nilikuwa nimepungua kilo nne, nimeanza hata kujitazama kwenye kioo. Hapo ndipo Mwanaisha aliponitumia picha ya karatasi ya hospitali ya Mombasa, ulikokatwa uvimbe. Ilikuwa ya Kiingereza, alitaka nimsomee jina la kidonge chako. Niliisoma nikiwa katikati ya lundo la mashuka. Mwanaisha, wewe uliambiwa Mama ana rovu, uvimbe wa shingo tu. Si rovu. Ni saratani ya tezi ileile niliyoulizwa, tena ni ile aina inayorithiwa. Imeandikwa kwamba watoto wake wapimwe. Imeandikwa pia kwamba mgonjwa ameelezwa kwa Kiswahili na ameelewa.

Nilikupigia, Mama, na hukukana. Ulisema bibi yetu alikufa Chovai na shingo hiyohiyo, watu wakasema ni jini, nanyi mkawaacha waseme. Ulisema binti wa Mwanaisha ameposwa, na wakwe wakisikia watarudi nyuma. Kisha ukaniambia, “Usimwambie mchu yeyote. Mwanaisha ndiyo kabisa. Na huko uliko endelea na jibu lako, una mama mwengine kwenye karatasi.” Ukaniapisha kwamba Mwanaisha hatalisikia neno hili kinywani mwangu. Niliapa kwa sababu ulikuwa unalia. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kilio chenyewe kilikuwa cha posa.

Shangazi Zeinabu naye alinionya kwamba nikisema tutafukuzwa sote. Wiki mbili nilikaa na hofu hiyo na sindano sikuigusa. Halafu nikarudi kliniki, nikamwambia muuguzi kwamba mama aliye kwenye faili langu si mama yangu. Akaweka kalamu chini. Akasema sindano nisiiguse tena, na akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa tezi. Akasema niliyoyasema hayatatoka pale. Sijui kama ni kweli, na kila barua ikidondoka mlangoni bado nashtuka. Kisha akaniuliza jina la mama, aandike upya. Nikalitaja jina lako. Nilipolitaja tu nikajikuta nimeziba mdomo kwa kiganja, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, nangoja kofi. Muuguzi akadhani nataka kutapika, akaniletea bakuli.

Majibu yametoka. Ninao ugonjwa huo na mimi. Wamekuta kinundu kidogo upande wa kulia, na mwezi ujao nitakatwa. Wanasema huenda tumewahi. Nimekukasirikia sana, Mama. Nakupenda vilevile, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nisalimie mume wa Mwanaisha, na mjomba anayeuza papa mkavu sokoni, na yule jirani aliyekusindikiza Mombasa. Binti wa Mwanaisha naye mpeni salamu zangu, kisha mpelekeni Mombasa, yeye na mamake, wakapimwe damu kabla ya arusi. Posa ikivunjika, ivunjike. Shangazi Zeinabu hakusalimu. Hasemi nami tangu siku ile.

Kiapo changu nimekishika. Mwanaisha hakulisikia kinywani mwangu, amelisoma mwenyewe kwa sauti yake, na wewe umekaa unamsikiliza. Sasa mwambie asogee karibu umpapase shingo, kwa mkono uleule ulionifundishia mimi.

Ni mimi mwanao,
Somoe