Papa Anselme na Karatasi ya Nyumba ya Hombo

Hombo, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, na goti lako la kushoto limekunjuka vizuri, si lile la mwezi wa mvua. Unakula? Mdogo wangu Neema aliniandikia kwamba unawapa watoto wa shemasi nusu ya sahani yako halafu unasema umeshiba. Nimekujua tangu nizaliwe, Mama, usinidanganye. Mimi ni mzima. Maternité yetu, wodi ya wazazi, imejaa tangu wiki iliyopita, jana peke yake nimepokea watoto wanne, na mmoja mama yake amempa jina langu. Kwa hiyo sasa Hombo ina Sifa wawili, na yule mdogo ana sauti kubwa kuliko mimi.

Barua yako ya mwisho niliisoma mara tatu. Uliniambia niachane na mambo ya nyumba, kwamba chumba mlichopewa kwa shemasi kinakutosha, na kwamba karatasi za nyumba zimekuletea aibu moja na hutaki ya pili. Nimekuelewa. Lakini sikukutii, na leo nakueleza kwa nini, kwa hiyo vaa miwani yako, usimwachie Neema akusomee, maana yeye huruka mahali.

Sijasahau siku walipokutoa kwenye nyumba yetu ya Mweso. Papa alikuwa hata hajamaliza miaka mitatu kaburini. Ndugu za yule aliyetuuzia wakaja wakasimama uani wakasema kaka yao aliuza kuta, hakuuza udongo. Ukawatolea karatasi yetu, ile Papa aliyoitunza ndani ya Biblia, nao wakacheka, kwa sababu ilikuwa na sahihi ya mtu mmoja tu na shahidi aliyekwisha kufa. Wakatupa vitanda vyetu nje, mvua ikavinyeshea. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Nilijiambia siku ile kwamba nitakununulia nyumba ambayo hakuna mtu atakayeweza kukutoa. Miaka saba nimekaa Hombo hii nikingojea nyumba inayofaa.

Nyumba nimeipata. Ni ya mbao, bati bado jipya, vyumba vitatu, hatua chache kutoka centre de santé, kituo cha afya ninapofanya kazi, na nyuma kuna shamba dogo la kutosha maharagwe yako na mihogo. Inauzwa na ndugu watatu, watu wa huku, watoto wa mzee mmoja aliyekufa. Bei tulikubaliana upesi, hiyo haikunisumbua. Kazi ilikuwa ni kumpata mtu wa kuandika karatasi. Na hapo, Mama, mtoto wako mwenye akili aliteleza.

Shemeji yetu wa Bukavu alinisifia avoka mmoja, wakili wa mjini. Nikamwita. Akaja na gari, suti, kompyuta na mashine ndogo ya kuchapisha karatasi. Hakukaa nje ya gari zaidi ya dakika kumi, nadhani aliogopa matope yasiharibu viatu vyake. Akawauliza wale ndugu majina yao, akaandika, akachapa, akapiga muhuri kila ukurasa. Mihuri mingi, Mama, myekundu na ya buluu! Nakiri nilifurahi. Nilifikiri, kama Papa angekuwa na mihuri kama hii, nani angetucheka? Yule Maître, maana ndivyo anavyotaka aitwe, akaniachia karatasi nizisome, akasema angerudi baada ya wiki moja tutie sahihi.

Nikaenda kumwonyesha jirani wa ile nyumba, mama mmoja anayeuza mafuta ya mawese sokoni. Hakuangalia hata mihuri.

“Mwenye nyumba ulishamuona?” akaniuliza.

“Nilishaona bote batatu.”

“Haya. Basi sawa.” Akaendelea kupima mafuta yake. Halafu, bila kuinua kichwa: “Mbele ya kutia sahihi, enda uone Papa Anselme. Miye sikusema kitu.”

Wewe unajua, Mama, mwanamke akisema hakusema kitu, amesema yote. Nikaenda siku ileile.

Papa Anselme ni mtetezi wa mahakama, wale tunaowaita défenseur. Si avoka mkubwa, hana gari. Ana buti za plastiki, daftari lililofungwa kwa mpira, na meza mbele ya nyumba yake ambapo watu wanamletea mabishano yao yote, ya mbuzi na ya ndoa. Sasa nilikuwa nimejifunza kidogo, sikutaka kudanganywa na buti kama nilivyodanganywa na suti. Nikamuuliza kavu: karatasi ngapi ulizoziandika zimerudi mahakamani?

“Mbili,” akasema. “Moja nilikosea miye mwenyewe. Ingine bantu walinidanganya. Unataka nikuelezee gani kwanza?”

Akanieleza zote mbili, pale alipokosea yeye akaonyesha kosa lake wazi, hakulitupia mtu mwingine. Yule Maître sikumuuliza swali hilo, lakini najua angenijibu hakuna hata moja. Nilipotoka pale nilikuwa nimeshaamua. Mtu anayejua mahali alipoangukia hatakuangusha hapohapo.

Akazisoma karatasi za Maître kidole kwa kidole. Kwanza akacheka. Maître alikuwa ameandika kwamba nyumba iko upande wa pili wa mto, yaani kwenye province nyingine! Alilipita daraja na gari lake bila kuangalia. Papa Anselme akasema kwa karatasi ile ningekuwa nimenunua kiwanja cha watu wa Kalehe ambao hata hawanijui. Lakini hilo, akasema, ni kosa la kalamu, linafutika. Anaogopa kosa la watu.

Kesho yake akanichukua kuzunguka mpaka. Nikafikiri atawaita wale ndugu watatu. Hakuwaita. Aliwaita wanawake wanaolima pande zote nne.

“Banaume banajua bei,” akaniambia. “Bamama njo banajua mupaka.”

Tukazunguka polepole, kila mama akionyesha mahali jembe lake linapoishia. Tulipofika kwenye ndizi za nyuma, Papa Anselme akauliza, kama mtu anayeuliza njia tu, ni nani anayewapa ruhusa ya kukata majani pale.

“Hapa? Hapa iko kwa Yuliana,” wakajibu kwa pamoja. “Tukihitaji majani tunamuombaka yeye. Hata sasa iko Ntoto, tunatumaka muntu kumuomba.”

Mama, nilisimama kama mti. Yuliana ni nani? Kumbe ni dada yao, mtoto wa kwanza wa yule mzee, aliyehamia kwa mwanawe Ntoto, kijiji cha mbali. Nami sikuwahi kuuliza kama wana dada. Ngoja nikueleze, maana kwetu Mweso, Masisi nzima, jambo hili hatulijui. Huku kuna koo ambamo baba huchagua binti mmoja asiolewe nje. Anabaki kwao, na watoto anaowazaa ni wa ukoo wa baba yake, sawa na watoto wa wana wa kiume. Baba humpa kiwanja chake mwenyewe. Hata wanaokwenda kanisani kila Jumapili bado wanaiheshimu desturi hiyo. Mzee alikuwa amempa Yuliana kiwanja kile, na nyumba ile aliijenga Yuliana. Mimi mtoto wa Masisi nilihesabu wanaume, nikaona watatu, nikaridhika. Avoka wa mjini alihesabu kama mimi.

Tukaenda kwa yule kaka mkubwa. Nilikuwa nimechemka, nikamwita mwizi mbele ya mke wake, na kwa hilo nimeomba msamaha baadaye. Yeye hakukasirika hata kidogo.

“Maître aliuliza: batoto banaume ya muzee iko ngapi? Tukamujibu: batatu,” akasema. “Angeuliza juu ya Yuliana, tungemuambia.”

Na alikuwa anasema kweli! Walifikiri dada yao amehamia Ntoto moja kwa moja, kwamba watamwambia wakati wowote. Papa Anselme akaandika jibu lile kwenye daftari, akafunga mpira, akaniambia twende Ntoto.

Tulienda siku mbili, pikipiki kwanza, halafu miguu. Nilianguka kwenye matope mara mbili na Papa Anselme mara moja, kwa hiyo buti zimemshinda Sifa. Tulimkuta Mama Yuliana anamenya mihogo mbele ya nyumba ya mwanawe. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayekuangalia mpaka unajisahihisha mwenyewe. Papa Anselme akamweleza yote. Akamaliza mihogo miwili kabla ya kujibu.

“Miye sikuuzisha kitu. Bale bandugu yangu, bauzishe vichwa yabo.”

Nikaona nyumba inaondoka, Mama. Nikamwangalia Papa Anselme aseme neno, lakini yeye akaanza kukwangua matope kwenye buti zake. Baadaye aliniambia kuna mahali ambapo mtetezi akisema anaharibu. Basi nikasema mimi. Sikusema habari za sheria. Nilimweleza habari zako: karatasi ndani ya Biblia, wale watu uani, vicheko vyao, vitanda kwenye mvua. Nililia, sikuona haya.

Akaweka kisu chini.

“Walipomutosha mu nyumba, alienda wapi?”

“Kwenye baraza ya kanisa. Mpaka shemasi akamupatia chumba.”

“Na ile nyumba yangu, iko ya weye ao ya yeye?”

“Ya yeye.”

Akapangusa mikono. Halafu akasema kwamba mwanawe na binti yake nao lazima wakubali, kwa sababu kiwanja ni chao pia, akawaita wote wawili palepale, wakakubali. Halafu akatoa sharti lake. Yeye ameshakuwa mtu wa Ntoto, hatarudi kuishi Hombo, lakini kila akipita Hombo, awe na mahali pa kulala kwenye nyumba ile, bila kuomba. Papa Anselme akaliandika kama ibara ya tano. Mimi nimelikubali kwa niaba yako, maana najua ungempa hata kitanda chako.

Tukarudi naye. Alfajiri ya kufika kwetu alikwenda peke yake kwenye zile ndizi na kuku mmoja, kumwambia marehemu baba yake kwamba anakiachia kiwanja. Alisema mzee asije akashangaa kuona watu wageni. Mimi nilisimama mbali nikaomba Bwana wangu kwa njia yangu. Usimwambie mchungaji haraka, mwambie ukishahamia.

Juzi tulikutana wote kwenye kiwanja: Mama Yuliana na watoto wake, wale kaka watatu wameinamisha vichwa, chef wa localité, yaani mkuu wa kijiji, na wale wanawake wanne, ambao Papa Anselme amewaandika kuwa mashahidi wa mpaka. Majina yao manne yako kwenye karatasi, na mkubwa wao alitaka asomewe lake mara mbili. Papa Anselme akafika kwenye mstari wa mnunuzi, akaniuliza jina. Nikampa lako. Akaandika nusu, akasimamisha kalamu.

“Iko wapi?”

“Mweso.”

Akafunga daftari. “Mwenye kuuzisha, tulimukosa mara ya kwanza juu hakuna muntu alimutafuta. Na mwenye kununua pia ninataka nimuone na macho yangu.”

Nilibishana naye, Mama. Nilimwambia mimi ni mtoto wako, naweza kutia sahihi mahali pako. Akaniambia siku moja nitakuwa nimekufa au nimeolewa mbali, na mtu atasimama uani aseme huyu mama hakuwahi kununua kitu. Nikaacha kubishana. Ndiyo maana nilimchagua.

Kwa hiyo sikuombi, nakuambia: unakuja. Neema atakusindikiza. Barabara ikifungwa mahali, mngoje, msilazimishe. Ukishatia sahihi, Papa Anselme mwenyewe ataipeleka karatasi ofisi ya ardhi ya Walikale, upande sahihi wa mto, na atakaa pale mpaka wampe hati. Najua unaogopa. Lakini safari hii wenye nyumba wote wameonekana na wote wamesema ndiyo. Safari hii hakuna wa kutucheka.

Nisalimie Neema mdogo wangu, na umwambie asiruke mistari. Nisalimie shemasi na mke wake waliokupa chumba, Mungu awarudishie kwa wingi. Nisalimie baba mdogo anayepiga ngoma kwaya, na mama yangu wa ubatizo, nimemwekea kitenge. Majirani wote waliotusaidia kubeba vitanda, wataje mmoja mmoja, nawakumbuka wote.

Na Mama Yuliana anakusalimu. Amekataa kurudi Ntoto mpaka akuone. Analala kwangu, lakini kila asubuhi anachukua ufagio wangu, anakwenda kufagia uwanja wa nyumba yako. Nilimwambia apumzike, kwa sababu hatujui utafika siku gani. Akanijibu: “Njo maana nafagia kila siku. Mwenye nyumba hapokelewi na majani.”

Binti yako anayekupenda na anayekutayarishia kitanda,

Sifa