Nilisema Kwetu Hakuna

Alhamisi. Ukungu haujanyanyuka tangu alfajiri. Kutoka hapa barazani hata banda la mbuzi silioni, nawasikia tu.

Mnaonijua humu mnajua kwamba mimi shule sikuiona. Nasema, na mkwe wangu Rehema, mke wa mwanangu Hatibu, anaandika kwenye simu. Ndiye aliyeanzisha ukurasa huu, eti maneno yangu ya kabichi na ya watu yasipotee bure. Leo tumekaa mkeka mmoja, mtoto kamlaza mapajani. Nimemwambia aandike kila neno, hata litakalomuuma.

Mwili wangu leo kama si wangu. Asubuhi nimejikata kidole nikimenya viazi. Nimejua baada ya kuona damu kwenye maji.

Sijalia. Naona wenzangu humu nyumbani wanalia, mimi nakoroga uji.

Mjukuu wangu Idrisa ana miezi mitano. Shingo yake haijakaza. Ukimbeba analegea mikononi kama kanga iliyolowa, na ulimi anautoa nje kidogo, kama anaonja hewa. Mzuri huyo! Mashavu yake nayala kila siku na hayaishi. Lakini mimi nimelea watoto, nimeona. Niliona siku ile ile nilipomwogesha mara ya kwanza, nikanyamaza.

Jumanne tulimpeleka hospitali. Daktari ni binti mdogo, mpole, alinipa shikamoo kabla hajaketi. Alimkunjua Idrisa viganja, akamsikiliza moyo muda mrefu. Akasema huenda ni hali ya kuzaliwa nayo, iliyo kwenye damu yenyewe, ila yeye hawezi kusema mpaka damu ichukuliwe ikapimwe mbali. Turudi Jumatatu. Halafu akauliza kama kwenye ukoo kuna mtoto aliyewahi kuzaliwa hivi.

Hatibu akanitazama mimi. Upande wa baba mimi ndiye mkubwa.

Nikasema, "Hakuna. Kwetu hakuna."

Lilitoka haraka, kama mtu anavyomfukuza kuku. Daktari akaandika. Kisha akamgeukia Rehema, na sote tukamgeukia Rehema. Akasema kwao Mnazi, huko chini bondeni, hajasikia, lakini labda, hajui. Ile "labda" yake ndiyo iliyobebwa mpaka nyumbani.

Jana wifi yangu Mwanahawa alikuja kututazama. Mdomo wa Mwanahawa ungekuwa jembe, tungekuwa tumeshalima milima hii yote. Alikaa jikoni kwangu, akanywa chai yangu, akasema, "Huyu mliyemtoa huko chini, mliuliza kwanza kwao kukoje?"

Nikasema, "Kunywa chai, wifi, inapoa."

Hayo tu ndiyo niliyosema. Mimi, ambaye watu wa hapa kijijini Mgwashi wananikwepa njiani wasije wakaambiwa ukweli wao! Rehema alikuwa nje ya dirisha akifua nepi. Nilisikia maji yamesimama.

Leo asubuhi nimekuta furushi lake mlangoni. Kanga zake, nguo za mtoto, kadi ya kliniki. Amesema anakwenda kupumzika kwa mama yake kidogo. Sikuuliza kidogo ni siku ngapi. Hatibu yuko shambani, anapalilia karoti ambazo alizipalilia juzi.

Sasa nasema.

Kabla ya Hatibu nilizaa mtoto mwingine. Shingo yake ilichelewa vile vile. Ulimi ule ule. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alisema alelewe jikoni, wageni wasimwone, mabinti zetu wasije wakakosa waume. Nami nilikuwa msichana wa kuambiwa nikatii. Akakulia kwenye moshi, nyuma ya kuni. Wageni wakija nilivuta pazia la gunia. Hakuwa na makosa yoyote, alipenda watu tu. Mvua ikianza kupiga bati alicheka mpaka akapata kwikwi.

Aliishi miaka mitatu. Kikohozi kikamchukua. Siku ya kumzika sikulia pia, niliambiwa nisikuze jambo.

Kwetu mjukuu hurudishiwa jina la aliyetangulia. Idrisa alipozaliwa wazee waliniuliza ni jina gani lifuate. Nikahesabu wafu wetu wote kwa vidole, nikafika kwa yule, nikamruka.

Basi nimemkana mara mbili mwaka huu. Kwa wazee, na kwa daktari.

Sisemi ni kitu kimoja. Mimi si wa vipimo. Pengine damu itasema mambo mengine kabisa, pengine hali hii haikutoka kwa yeyote, imetokea tu. Lakini daktari aliuliza swali na mimi nilikuwa na jibu, nikalikalia, na mtoto wa watu akabeba lawama nyumbani kwangu kwa siku mbili huku mimi namkorogea uji.

Rehema ameacha kuandika. Kidole kimesimama juu ya simu. Idrisa anamvuta ushungi na yeye haoni.

Ameniuliza, "Mama, na hili niliandike?"

Nimemwambia, "Andika. Na Mwanahawa asomewe, ana mjukuu mwenye simu."

Hajacheka. Nami sikutegemea acheke.

Jumatatu nitakaa mbele kwa daktari, nitamwambia nilimdanganya, afute alichoandika. Kabla ya hapo, kesho baada ya swala ya Ijumaa, nitamwita Hatibu na wazee na huyo wifi yangu, niyaseme mbele yao haya ninayoyasema hapa. Rehema akiamua kwenda Mnazi nitambebea furushi mpaka kwenye gari. Akiamua kubaki, pia nitalibeba, nilirudishe ndani. Idrisa hatalelewa nyuma ya pazia na mtu yeyote, awe hapa awe huko. Hilo nimemaliza.

Kidole changu bado hakiumi. Nimebonyeza kidonda, hakuna kitu. Labda kitauma kesho.

Rehema ameutoa ushungi mkononi mwa Idrisa. Sasa ameuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu tulipomzika.

Aliitwa nani?

Jafari. Aliitwa Jafari.