Mzee Gundi

Kivilahti, 3 Septemba

...na kwenye simu sikumalizia, baba, maana Aatos aliingia na maua ya porini nikasahau kila kitu. Hujambo lakini? Goti je? Mimi mzima, nanenepa kwa mapenzi! Mwezi wa pili wa ndoa, na bado nikisikia buti zake mlangoni moyo unaruka.

Sasa sikia. Wamempa Aatos kazi yako. Ileile ya kubandika vinasa sauti kwenye mwamba wa handaki watakamozika taka za nyuklia, kupitisha mawimbi ambayo sikio halisikii, na kuangalia yanapochelewa, maana hapo mwamba umepasuka. Na bosi ni Kalervo yuleyule aliyekufukuza kwa kusema ukuta una nyufa. Bado anakuita Mzee Gundi, eti ulibandika vibaya. Mimi ndiye ninayemmiminia kahawa kantini. Namwachia mashapo.

Aatos wangu ataupima ukuta wako. Nimemwomba kitandani; angekataaje?

Bintiyo, Venla

Inari, 11 Septemba

Mwanangu,

Salamu zimefika. Goti linauma, mvua haikomi, matunda ya beri yamejaa msituni. Mwambie mkwe auache ukuta wangu. Kalervo atamtupa nje kama mimi.

Lakini akiugusa, afute vumbi kwanza, na gundi ikauke kabisa. Kisha abandue, abandike vingine, apime tena. Sitaki yule mtu apate pa kujificha.

Baba

Kivilahti, 22 Septemba

Baba yangu mpenzi, goti limepoa? Basi ukisoma haya usirukeruke.

Amebandika mara mbili, kama ulivyosema. Mawimbi yamechelewa palepale uliposema wewe! Aliwaonyesha wakaguzi waliokuja kukagua handaki, wakinywa kahawa yangu. Kalervo akadakia, "Gundi tu hiyo!" Mkaguzi mmoja mama akamwuliza, "Gundi ya Mzee au ya kijana, bwana?" Kantini nzima ilicheka. Mimi nilicheka hadi nikamwaga maziwa, makusudi, kwenye suruali yake.

Kuchimba upande ule kumesimamishwa. Kalervo akasema atakuandikia kukuomba radhi. Nikamwambia barua hatutaki. Aje kwenye mvuke wa sauna yako, avue suti, apande benchi la juu, aseme akiwa uchi kama sisi wengine. Kata ya kumwagia maji mawe ya moto utashika wewe. Unakumbuka alivyoukimbia mvuke kwenye sherehe ya wafanyakazi?

Amekubali, maana wakaguzi walikuwa wanamtazama. Aatos anasema nina roho mbaya, kisha akanibusu.

Panga kuni kavu, baba. Kabla mwezi haujaisha tutafika, watu watatu, Kalervo katikati.

Bintiyo, Venla