Picha Iliyokosa Korongo

Jumanne, 11 Februari 1997

Kosa la watu wengi wanaonunua lenzi ndefu ni kudhani kwamba itawaonyesha mengi. Inaonyesha kidogo, ila kwa ukubwa. Ukimvuta ndege mmoja hadi ajae kwenye kioo, bwawa zima limebaki nje. Aliye nyuma yake humwoni. Aliye kando yake humwoni. Niliwaeleza hivyo wanafunzi wangu kuhusu darubini, na sasa najieleza mwenyewe.

Nimefika bwawani alfajiri, chai kwenye chupa. Bwawa liko ndani ya shamba la kahawa, ukitoka Ruiru kuelekea Thika. Meneja aliniruhusu kukaa hapa nilipostaafu. Upande wangu ni matete. Ng'ambo ni nyumba ya mlinzi, Wafula, na mkewe na binti yao mdogo, Nekesa. Nyuma ya nyumba, mikahawa imekunja majani kwa ukame. Mvua za mwaka jana zilipita bila kusimama.

Korongo taji wawili wamekuja. Wale wale wa kila siku. Wamecheza kidogo, mbawa wazi, kisha wakaenda kula karibu na nyumba ya Wafula. Mbali mno kwa lenzi yangu. Sikupiga hata picha moja. Kesho siji, labda keshokutwa.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeokota hua aliyekufa kwenye matete. Hana jeraha. Vidole vimekunjamana. Nimempapasa kifua. Ndege akifa kwa njaa, mfupa wa kifua huchomoza kama ukingo wa kisu. Huyu alikuwa mnene, na gole, kile kifuko cha chakula shingoni, limejaa.

Hua mnene, amekufa, mwaka wa njaa. Silipendi hilo.

Picha nne za bata bukini. Mwanga mzuri.

Jumamosi, 15 Februari

Wafula hakuja. Kwa kawaida huzunguka bwawa na kikombe chake, nammiminia chai, ananichokoza. Wiki iliyopita alionyesha kamera akasema, "Mwalimu, hii bunduki yako hailii? Unalenga mwaka mzima na hata supu hatujaona." Leo nilimpungia. Aliinua mkono nusu, akaingia ndani.

Mkewe, Mama Nekesa, alitoka majini na karai kichwani. Aliponiona ng'ambo alilifunika kwa leso.

Hua mwingine. Huyu nilimwona akiwa hai. Shingo imepinda, anazunguka mahali pamoja, anatetemeka. Akaanguka majini. Nilimpiga picha. Mkono umezoea, haungoji kichwa.

Nyumbani mke wangu, Mwanaisha, amenizuia mlangoni. "Baba Salma, viatu nje! Hao ndege wako wana kideri. Kuku wangu wakifa utataga wewe." Nimemweleza kwamba kideri kingeanza na kuku wa laini za wafanyakazi, na kuku hao wazima. Amesikiliza yote. Viatu vimelala nje.

Jumatatu, 17 Februari

Nimefikiri kama nilivyofundisha: ondoa moja moja.

Maji machafu ya kiwanda cha kahawa? Kiwanda hakijaosha kahawa tangu mwisho wa mwaka. Dawa ya kunyunyizia? Hakuna anayenyunyizia mikahawa iliyokauka hivi. Ugonjwa? Ungeua wembamba kwanza.

Leo nimemkuta mwewe chini ya mti wa kivuli, mbawa zimeenea, mdomo wazi. Mwewe hali nafaka. Mwewe hula hua. Maana yake kilichomwua hua kilikuwa bado ndani ya hua, na kinapanda kutoka mnyama hadi mnyama. Hiyo ni sumu. Na sumu haijitegi yenyewe.

Naogopa. Bwawa hili watu wa laini wanateka maji.

Jumanne, 18 Februari

Korongo mmoja amekufa.

Alianguka ng'ambo, karibu na nyumba ya Wafula. Mwenzake alimzunguka akimgusa kwa mdomo. Nikafunga kamera nikazunguka bwawa. Kwenye kijia nikamkuta Wafula amesimama katikati, rungu mkononi.

"Mwalimu, leo usipite hapa."

"Kuna nini?"

"Nyuki."

"Nyuki tangu lini?"

"Tangu leo. Huyo ndege nitamzika mimi. Wewe rudi kwa kiti yako."

Hakunitazama usoni. Na hapakuwa na nyuki.

Ni yeye anayetega sumu. Sijui kwa nini. Labda nyama, labda anawauzia wengine nyama. Nimemchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Nimekunywa chai na mtu huyu.

Ningekwenda kwa meneja leo hii. Lakini mlinzi akifukuzwa hapa, jioni hana nyumba, na mtoto yumo ndani ya nyumba hiyo. Nataka kuwa na hakika. Huenda moja ya picha imemnasa. Filamu bado haijaisha, na mimi sioshi filamu isiyoisha. Ni tabia ya miaka ya mshahara wa ualimu, imenikaa.

Ijumaa, 21 Februari

Siku mbili sikuenda, magoti yaliuma. Leo nimemaliza filamu.

Korongo aliyebaki anasimama pale pale mwenzake alipoangukia. Anaita, ananyamaza, anaita. Nilitaka picha hiyo kuliko zote. Ukivuta lenzi hadi mwisho, eneo linalokaa wazi ni jembamba kama unene wa mlango. Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu. Pete ya fokasi ikiteleza kidogo tu, umemkosa. Nilikuwa bado naizungusha. Kamera ikafyatuka, filamu ikaisha. Nadhani nimeiharibu.

Nimeipeleka Thika kwa Njoroge wa studio. "Mwalimu, mashine imelala na fundi amelala. Njoo Jumatatu tuwaamshe wote." Yeye hucheka. Mimi sikuweza.

Jumatatu, 24 Februari

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, Thika. Niandike kwa utaratibu.

Njoroge alinipa bahasha. Bata wazuri. Hua mgonjwa, wazi kabisa. Wafula hayumo. Njoroge akavuta ya mwisho. "Hii tupa, Mwalimu. Korongo amekuwa moshi."

Kweli korongo alikuwa moshi. Pete ilikuwa imepita, fokasi ikamruka ndege na kuangukia nyuma yake, kwenye kiwanja cha Wafula. Pale kila kitu kilikuwa wazi hadi nyuzi. Magunia yamepasuliwa na kutandazwa juani. Juu yake mahindi. Hua wawili wanadonoa. Nekesa amechuchumaa katikati yao, kiganja kimejaa, shavu limetuna.

Na mahindi yalikuwa ya waridi.

Ni mbegu za kupanda. Hupakwa dawa ili wadudu wa udongoni wasizile, na hutiwa rangi kwa sababu moja tu: mtu akiziona ajue si chakula. Lakini watu huona rangi na kuifanya ndiyo dawa yenyewe. Huosha hadi maji yatoke meupe, wakadhani wamepata mahindi. Rangi iko juu ya punje. Dawa imeshaingia. Nimelifundisha hilo darasani miaka mingi, na watoto waliandika vizuri, na nyumbani mama zao wakaosha.

Njoroge aliniona uso. Alifunga studio akanipeleka kwa pikapu yake.

Mama Nekesa alikuwa mlangoni. Nilimwonyesha picha. Aliitazama sana. Nadhani hakuwa na picha nyingine ya mtoto.

"Nimeosha mara tatu, Mwalimu. Kila nikianika rangi inarudi, naosha tena. Ile ya mwisho maji ilikuwa safi kabisa."

"Mmekula?"

Alianza kukunja leso.

"Mama Nekesa, mmekula?"

"Jana. Tulipeleka kidogo kwa mashine ya kusaga. Ugali ya usiku, na uji ya mtoto asubuhi."

Wafula akatokea nyuma ya nyumba. "Sasa umepata picha. Enda umpelekee meneja. Si ndiyo ulikuwa unataka?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimekuuliza, utampelekea?"

"Wafula, mtoto yuko wapi?"

Ndani, kitandani. Amelala, lakini kope zilikuwa zinaruka, na mkono mmoja unatetemeka peke yake, kama ule wa mzee. Kama yule hua. Sikumwambia mama hilo. Wafula alimbeba hadi kwa pikapu. Rungu aliliacha chini.

Njiani alisema mara moja tu, akitazama barabara: "Zilikuwa zimezeeka. Stoo walizimwaga nje. Sikuiba, Mwalimu, nilifagia."

Hakutega sumu. Alikuwa anaficha chakula.

Jumanne, 25 Februari

Usiku mtoto alishikwa na kifafa. Mara ya pili kulipokucha. Daktari ni kijana. Aliuliza amekula nini. Wafula akasema ugali. Akauliza tena, ugali wa nini. Wafula akatazama sakafu. Nikaona anapima: kazi, nyumba, mtoto.

Niliweka picha mezani. Wafula akaitazama, kisha akasema yote, haraka, hadi rangi ya punje.

Daktari aliondoka akikimbia. Sijui kama ni ishara nzuri.

Baba na mama wanaumwa kichwa na tumbo. Wamekataa vitanda. Wamekaa sakafuni kando ya kitanda cha mtoto.

Jumatano, 26 Februari

Bado.

Alhamisi, 27 Februari

Kifafa kimetulia tangu jana mchana. Hajafungua macho vizuri.

Mimi na Wafula tumerudi shambani kuzika mahindi. Nilisisitiza shimo lifike kiunoni, nikaeleza kwa nini: fisi hawapo, lakini mbwa na kuku wapo. Tumemwaga punje, unga uliobaki, magunia yenyewe, majivu juu, udongo juu. Gunia bado lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Wafula ndiye aliyechimba. Alipofukia alisema, "Hii ingetufikisha mpaka mvua." Nilikuwa na maelezo tu, na nilishayatoa.

Meneja alitukuta. Aliuliza korongo wake mmoja yuko wapi. Nikamwambia amekufa kwa mbegu zenye dawa zilizomwagwa nje ya stoo. Akauliza zilizomwagwa zimeenda wapi. Nikamwonyesha shimo. Akatutazama, mimi na Wafula, udongo hadi magotini. Akasema stoo itafungwa vizuri. Akaenda. Nina hakika ameelewa. Sina hakika atanyamaza.

Jumapili, 2 Machi

Nekesa ameruhusiwa. Anatembea kama anayejifunza, mkono kwenye ukuta. Aliniona akauliza, "Guka ya ndege, umeleta bunduki?" Neno hilo guka, babu kwa Kikuyu, amelitoa kwa watoto wa laini. Mama yake alimkemea. Nilifurahi hadi nikacheka.

Daktari amesema mkono utaacha kutetemeka, au hautaacha. Hawezi kujua.

Mwanaisha amempelekea yai la kuku wake. Moja. Ameniambia, "Na wewe usimweleze kitu mtoto wa watu, mwache ale."

Jumanne, 4 Machi

Bwawani tena. Pametulia. Hua hawajarudi. Bata wawili mbali. Korongo amekuja peke yake, amekula wadudu kwenye tope, hakuita.

Nimekaa tangu alfajiri. Ng'ambo moshi haujatoka jikoni. Jua limefika juu ya mikahawa na bado hautoki.

Kisha Mama Nekesa akatoka. Akaenda nyuma ya nyumba, mahali tulipochimba. Jembe begani. Mtoto ameshika sketi yake. Nilimvuta kwa lenzi hadi uso wake ukajaa, kisha nikaondoa jicho.

Hakuchimba. Alisimama tu akitazama chini. Alisimama sana. Baadaye aligeuka akarudi ndani na jembe lake, mtoto nyuma.

Nimemweleza habari ya dawa mara ngapi sijui. Anaelewa. Alielewa mara ya kwanza. Hajui kupika maelezo, wala mimi.

Nafunga kamera. Leo, kabla ya saa sita: nunua unga, mpelekee Mama Nekesa.