Yowe la Zubeda

Mnyuzi, Ijumaa usiku



Kutwa nzima nilikuwa namhofia Bi Mwanahawa. Leo darasa la watu wazima wameigiza, pale uwanja wa kijiji, jinsi binti yake Zubeda alivyouawa na mumewe mwaka jana, akipiga yowe huku majirani wamejifungia ndani. Mwalimu amewapa waigizaji maneno yale yale waliyoyasema majirani mahakamani. "Nilidhani ni mambo ya mke na mume." "Nilikuwa nakula." Na majirani wenyewe walikuwepo, wamekaa chini na sisi, vichwa wameviinamisha.

Nikamnong'oneza Bi Mwanahawa, "Dada, twende nyumbani."

"Niache nione."

Msichana aliyekuwa Zubeda akapiga yowe. Kimya. Akapiga tena. Tumekaa tu, kwani si mchezo?

Bi Mwanahawa akasimama, akaliitikia lile yowe kama tulivyofunzwa na mama zetu. Wanawake wote tukaitikia. Wanaume wakakimbilia mbele, wa kwanza yule jirani aliyesema alikuwa anakula. Wakamkamata mume wa mchezoni, maskini fundi cherehani wetu, naye analia, "Jamani, ni mimi Rajabu!"

Mwalimu akasema, "Ndugu zangu, mchezo haujaisha."

"Umeisha," akasema Bi Mwanahawa, amemkumbatia yule msichana. "Leo mmemwokoa mwanangu."



Subhanallah. Nimeswali isha, nimebaki hapo kwenye mswala. Dua haiji, machozi tu.