Koti la Barafu Limesafiri Bila Mimi

Élisabethville, mwezi wa saba

Kwa yaya yangu Ngoie, mkubwa wangu wa tumbo moja, Mitwaba.

Yaya, kwanza niambie magoti ya Mama yanaendeleaje, na kama mihogo ya kando ya mto imewatosha mwaka huu. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na uchovu huu si wa kazi tu. Kaa chini, umwombe katekista akusomee polepole.

Mnajua bwana wangu, yule mpima mawe ninayempikia, alisema atanichukua Bulaya. Alitaka kupanda milima ya barafu, na awe na mtu wa kumpikia huko juu. "Treni na meli nitalipa mimi," aliniambia. "Nguo na viatu ujitafutie." Nikaenda kwenye duka la wazungu, nikaona koti la sufu nyuma ya kioo. Niliuliza bei, nikatoka bila kuaga.

Basi nikaanza kutafuta vya rahisi. Buti nilizipata kwa mjane wa mtu wa reli. Moja ilikuwa imepasuka kisigino, nikaishona kwa waya. Soksi alinifumia mama mmoja wa parokia kwa nyuzi za sweta lililoliwa na mende. Mablanketi mawili ya zamani nilimpa Numbi, kijana wa Kasenga ninayekaa naye nyumba moja. Siku za kazi anafua nguo za watu, Jumapili anashona. Alinishonea koti refu, akatia gunia la unga katikati ili upepo usipite, wala hakutaka malipo.

Vikabaki sanduku na mfuko wa mgongoni. Hapo nilifanya jambo ambalo sikukuandikia. Nilianza kula mara moja kwa siku ili niweke pesa. Bwana nilimkaangia nyama, mimi nikanywa chai. Numbi akinisogezea bukari ya unga wa mihogo nimege, namwambia nimeshiba kazini. Miezi mitatu, yaya.

Vitu vyote vilipokuwa tayari, bwana alinipeleka kwa daktari, maana bila karatasi yake hupandi meli. Yule mzungu alinisikiliza kifua, akapapasa mbavu zangu moja moja.

"Unakulaka nini?" akaniuliza kwa Kiswahili cha hapa.

"Ninakulaka muzuri, bwana munganga."

"Unadanganya. Kifua yako iko mubaya. Ku baridi ya kule utakufa."

Akarudisha karatasi bila kuitia sahihi.

Njiani bwana hakunikaripia. Aliniuliza tu kama namjua mtu mwingine, mwaminifu, mwenye afya, anayeweza kujifunza kupika. Ningeweza kusema simjui yeyote. Nikamtaja Numbi.

Numbi mwenyewe alikataa. "Hapana, yaya Banza. Ile koti ni yako. Nitaivala namna gani na weye unaniangalia?"

"Ni mikono yako ilishona," nilimwambia. "Vala."

Nikamfundisha mchuzi anaoupenda bwana, na jinsi ya kufunga kamba za ile buti ya waya ili isimuumize.

Juzi niliwasindikiza mpaka kwenye gare ya treni. Jua lilikuwa kali, na Numbi alikuwa amelivaa koti lote, jasho linamtiririka, kwa sababu aliogopa akilivua wataliiba. Watu walimcheka. Treni ilipoondoka alitoa kichwa dirishani, akapiga kelele, "Yaya, barafu inaanza wapi?" Nikacheka, kisha kikohozi kikanikamata. Nilikaa chini juu ya mawe ya reli mpaka moshi ukaisha.

Najua Mama amekwisha kuwatangazia majirani. Usimfiche. Mwambie hakuna aliyeniroga, wala hakuna aliyenionea. Nilijinyima mwenyewe. Nyumba ya bwana imefungwa, lakini nimepata kazi jikoni kwa masista, nao hawaniruhusu kuondoka kabla hawajaona sahani yangu tupu. Usiku nalala vizuri kidogo. Mahali pa Numbi bado sijampangisha mtu.

Nisalimie shemeji kwenye moto wake wa uhunzi, shangazi mfinyanzi, na katekista anayekusomea haya. Asiruke neno hata moja.

Mimi mdogo wako, niliyebaki upande huu wa maji,

Banza